Mistari Mgongoni mwa Baba

Wexley, Massachusetts
19 Januari 1986

Bong wangu,

Mimi mzima. Mony mzima pia, jino la juu limetoka, sasa ananing'ata kila akinyonya halafu ananiangalia usoni aone kama nitalia. Nikilia anacheka. Tabia hiyo ameitoa kwenu, kwetu hatuko hivyo.

Baba yako tumemchoma Alhamisi. Walichelewa kutupa mwili kwa sababu daktari wa serikali alikuwa bado anamchunguza. Nilitaka kumwosha uso mwenyewe kwa maji ya nazi, lakini Bi Phan wa ghorofa ya chini alinizuia mlangoni. "Kakae na mtoto," akaniambia. "Wamemfungua, wakamshona. Wewe bado unanyonyesha, usiangalie." Basi akamwosha yeye. Mimi nilimwekea sarafu mdomoni, ile ya fedha aliyoificha kwenye pindo la suruali miaka yote ya njaa kule nyumbani. Moto ulipopoa mtawa aliiokota kwenye jivu akanirudishia, nyeusi kama mbegu ya stafeli. Akasema nimvalishe Mony shingoni imlinde. Kandambili zake nilitaka ziende naye pia, lakini nimeona moja tu. Nyingine nimeitafuta mpaka chini ya jiko. Amekwenda na mguu mmoja mtupu, naye alivyokuwa anachukia baridi!

Sasa nikuulize, Bong, mkubwa wangu. Asubuhi ile polisi alipomgeuza Baba kitandani akaona mgongo umejaa mistari myekundu, na nyuma ya kichwa damu imevilia, akauliza nani kamfanya hivi. Mimi nilikuwa nafungua mdomo. Ukaruka mbele yangu kama mtu anayezima moto: "Mimi. Nimefanya mimi." Kiingereza chako chote ndicho hicho, na siku hiyo ndiyo umeamua kukitumia! Aliyemkwangua Baba mgongo kumtoa upepo mbaya jioni iliyotangulia ni mimi, kwa sarafu yake mwenyewe na mafuta ya kuchua, na wewe ulikuwa umekaa palepale unamenya vitunguu. Kwa nini hukuniacha nieleze? Bwana Doyle, huyo wakili wa bure tuliyepewa, anasema kwa maneno hayo umekiri kuua.

Niandikie. Niambie unakula nini.

Mkeo,
Chanthou

*

Jela ya kaunti
27 Januari 1986

Oun wangu,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa. Hapa wanafungua zote. Wanatafuta viwembe na pesa, maandishi yetu hawayajui, lakini siku wakitaka kujua watamtafuta anayejua. Kwa hiyo nisikilize vizuri, Oun, mdogo wangu. Usiandike tena habari za mgongo wa Baba. Andika ya Mony. Andika ya theluji. Andika Bi Phan amemsema nani wiki hii.

Ile kauli iliyokuwa mdomoni mwako asubuhi ile, imeze ikae humo humo. Ukiitoa, hawatakuchukua wewe tu. Watakuja na gari lao la serikali wamchukue Mony, wampeleke kwa watu wasiojua hata jina lake linatamkwaje, akue akiita mwanamke mwingine mama. Mimi mgongo wangu mpana. Kule nyumbani nimebeba mawe kwa kijiko kimoja cha uji, nitashindwa na jela yenye mablanketi?

Chakula kipo. Wali wao unapikwa kama adhabu ya pili. Juzi nilimwambia mpishi kwa mikono: maji kidogo, funika, acha. Akanifukuza.

Mbusu Mony kwenye kile kikunjo cha shingo kinachonuka maziwa.

Mumeo,
Borith

*

Wexley
9 Februari 1986

Bong wangu,

Nimekusikia. Naandika ya Mony.

Amesimama kwa kushika kiti. Amesimama, akashangaa, akakaa kwa kishindo, akajipigia makofi. Nimempaka unga wa mchele mashavuni maana ngozi inapasuka na baridi, basi anazunguka nyumba nzima kama kizuka kidogo.

Naandika ya theluji. Imejaa uani mpaka imefunika nusu ya ngazi za nyuma. Mwenye nyumba anaikwangua mbele kwake tu, yote anaisukuma huku kwetu. Mlango wa nyuma siufungui tena. Najua Baba angekasirika, maana kila asubuhi lazima awapelekee wali watu wake kwenye ile nguzo ya ngazi, mama yako na ndugu zako waliofia kule. Nilitaka nimfanyie mimi, ila bakuli lake la bluu silioni. Nadhani polisi walilibeba. Sijui wanafanyia nini bakuli.

Sasa la Bi Phan. Anasema jioni ile alisikia sauti yako kupitia dari. Mimi nilikuwa dukani nimefuata mchaichai. Anasema ulikuwa unapiga kelele, na Baba kimya. Halafu kitu kizito kikaanguka.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi. Nikaamua nikwambie tu: Bong, hata iweje mimi ni mkeo. Hasira humpata kila mtu. Wewe hukulala wiki nzima kwa zamu za kiwandani, na Baba alikuwa mbishi. Nitakungoja vilevile, na nitamfundisha Mony jina lako kabla ya maneno mengine yote.

Chanthou

*

Jela ya kaunti
16 Februari 1986

Oun,

Nimesoma barua yako mara moja nikaikunja, sikuifungua mpaka leo.

Hukuniuliza. Umenisamehe kabla hujaniuliza. Hilo ndilo limeniuma, sikufichi.

Kelele nilipiga, ndiyo. Nilirudi kutoka kazini nikakuta soksi zake zimeanikwa kwenye bomba la joto, bado zina unyevu. Nikajua ametoka tena kwenye ngazi za nyuma, na barafu yote ile, na mimi nilimkataza. Nikamwambia, Baba, unataka kufa kwa ajili ya waliokufa? Naye akajibu kwa upole wake ule wa kunitia wazimu, "Maji yamemwagika jikoni, mwanangu, yakanilowesha." Uongo mtupu. Kitu kizito kilichoanguka ni gunia letu la mchele, nililipiga teke. Baba sikumgusa. Baba yangu, Chanthou! Mtu aliyenibeba mpaka mpakani nikiwa na malaria!

Na kwa kuwa tumeanza kuambiana, nami nikwambie langu. Ulipomkwangua ile jioni alikuwa anasema kichwa, kichwa. Ukapanda mpaka shingoni. Nilikuona unavyokaza. Asubuhi nilipoona amekufa, jambo la kwanza lililonijia ni mkono wako. Nikasema moyoni, hakukusudia, alikuwa anamtibu, hatajua kamwe kwamba mimi najua. Ndiyo maana niliruka mbele yako.

Basi tuko sawa. Kila mmoja amemfanya mwenzake muuaji, akampenda hivyo hivyo.

Wakili amekuja. Anasema nikikubali kosa la kuua bila kukusudia watanipunguzia, itakuwa miaka michache badala ya mingi. Hakimu anakaa tarehe ishirini Machi. Nitatia sahihi siku hiyo. Usibishe. Mony atakuwa anaanza shule nikitoka, nitampeleka mimi siku ya kwanza.

Borith

*

Wexley
2 Machi 1986

Kwa Daktari Ruth Halloran, anayechunguza waliouawa

Mheshimiwa Daktari,

Jina langu ni Chanthou. Wewe ulimfungua baba mkwe wangu, mzee Loeung, mwezi wa Januari. Bwana Doyle ndiye amenipa jina lako. Alisema kukuandikia si utaratibu, nikamwambia mimi utaratibu siujui, sikusoma sana, shule yetu ilifungwa nikiwa mdogo ikageuzwa ghala la bunduki. Kiingereza hiki nimekijenga kwa kamusi. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni kanisani amenisahihishia herufi tu, maneno hakuyagusa.

Mume wangu yuko jela kwa sababu ya mistari uliyoiona mgongoni mwa Baba. Mistari ile nilichora mimi.

Kwetu mtu akiumwa kichwa, akiwa na homa, mwili ukiwa mzito, tunasema ameingiwa upepo mbaya na hauna pa kutokea. Tunampaka mafuta ya kuchua mgongoni, tunachukua sarafu, tunakwangua kufuata mbavu, kutoka katikati kwenda nje, huku na huku, mpaka ngozi iwe nyekundu. Ikiwa nyekundu sana tunasema upepo ulikuwa mwingi. Mama yangu alinifanyia hivyo, mama yake alimfanyia yeye. Mtu huwa hapigi kelele. Wengine hulala usingizi katikati ya kukwanguliwa. Baba alikuwa ananitania tu, kwa sauti ndogo, mume wangu asisikie. Aliniambia, "Kaza mkono, binti. Unanipapasa kama unampaka mtoto mafuta." Basi nikakaza.

Mume wangu alisema ni yeye kwa sababu aliogopa mtanichukua mimi, na mtoto wetu apewe watu wengine. Mimi pia naogopa. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichoma kwenye jiko. Lakini tarehe ishirini atatia sahihi kwamba alimuua baba yake, na jambo hilo si kweli, na litaandikwa mahali ambapo binti yetu atakuja kulisoma akishajua kusoma.

Nakuomba unijibu jambo moja, nawe ndiye pekee uliyemwona ndani. Aliniambia nikaze. Nikakaza. Je, mkono wangu ndio uliomuua?

Kama ndio, niambie hivyo hivyo. Nitakuja mwenyewe, sitakimbia. Ila naomba nije na mtoto, nimwachishe ziwa kwanza.

Asante kwa kumshona vizuri. Bi Phan aliyemwosha alisema mshono ulikuwa umenyooka, wa mtu anayejali.

Chanthou

*

7 Machi 1986

Mpendwa Bi Chanthou,

Huwa sijibu barua za familia kabla ya kesi. Hii nimeijibu, na nakala nimempelekea Bwana Doyle na nyingine mwendesha mashtaka, ili pasiwe na siri.

Naanza na ulichoniuliza, usije ukasoma mpaka mwisho ukiwa umeshika pumzi. Hapana. Mkono wako haukumuua. Mistari ile ni damu iliyopanda chini ya ngozi. Haikufika kwenye nyama, wala mfupa, wala shingo kwa ndani. Nilitazama shingo kwa makini sana, ilikuwa nzima.

Sasa nikueleze nilivyofika nilipofika, maana unastahili kujua. Nimewapokea watu wengi waliouawa. Ukishawaona wengi, wanaanza kufanana. Anayepigwa huinua mikono ajikinge, kwa hiyo mkono, upande wa kidole kidogo, ndio unaoumia kwanza. Anayepigwa hugeuka na kujikunja, kwa hiyo alama zake hukaa ovyo, moja begani, nyingine sikioni, nyingine kiunoni. Na wazee wanaouawa nyumbani, karibu wote huuawa na mtu wa humo humo. Nililetewa mzee, nyumbani, na mwana aliyesema "nimefanya mimi". Nikaona kitu nilichokizoea, nikaacha kuuliza.

Barua yako imenirudisha kwenye picha zake. Mikono yake haina alama hata moja. Mistari iko sawa kushoto na kulia, imefuata mbavu kama mtu aliyepiga pasi shati. Mtu mwenye hasira hapigi hivyo. Hasira haipimi. Yote haya niliyaona Januari na nikayaandika kwa mkono wangu, lakini sikuyasikiliza.

Kilichomuua ni damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu. Alikuwa na jeraha nyuma ya kichwa upande wa kulia, lakini ubongo wenyewe ulichubuka mbele, upande wa kushoto. Kichwa kilichotulia kikipigwa, ubongo huumia palepale pa pigo. Kichwa kinachoanguka kikagonga kitu kigumu, ubongo hutupwa ukaumia upande wa pili. Jeraha hilo tena lilikuwa limeanza kujitibu, kwa hiyo lilitangulia mistari yako kwa saa nyingi. Nadhani baba mkwe wako alianguka asubuhi ya siku ile, akawanyamazia, na kichwa alichokulalamikia jioni kilikuwa tayari kinavuja.

Nadhani. Mahakama haichukui kudhani kwangu ikaacha kukiri kwa mumeo. Kuna mahali popote angeweza kuanguka asubuhi hiyo, na mumeo alikuwa wapi? Na je, utakubali kuja na Bwana Doyle kunionyesha mnavyokwangua, nione kwa macho yangu? Mlete mtoto. Hapa kwangu hakuna atakayemchukua.

Kuhusu mshono, nashukuru. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Ruth Halloran

*

Wexley
16 Machi 1986

Bong wangu, Bong wangu,

Usitie sahihi! Nimeanza na hilo kwa sababu wewe unasoma barua kwa kuruka ruka.

Najua ulinikataza. Nimekaidi. Nilimwandikia yule daktari mwanamke aliyemfungua Baba, nikamwambia ni mimi. Naye amenijibu. Mkono wangu haukumuua, Bong. Na wako haukumgusa. Ameona ndani ya kichwa cha Baba kwamba alianguka, asubuhi, wewe ukiwa kiwandani unabandika soli. Nakala ya barua yake Bwana Doyle anayo, ya kwangu nilimsomea Mony nzima, akala kipembe chake.

Ijumaa tulikwenda. Mimi, Mony, Bwana Doyle, na Bi Phan ambaye hakualikwa. Alisema, "Utajikwangua mgongo mwenyewe, kwani una mikono ya pweza?" Nikavua sweta mbele ya daktari, Bwana Doyle akageukia ukutani, uso umemwiva kuliko mgongo wangu. Bi Phan akanipaka mafuta, akachukua sarafu ya Baba kutoka shingoni mwa Mony, akaanza. Daktari alisogea karibu mpaka nikasikia pumzi yake. Mistari ilipojitokeza aliweka picha za Baba pembeni yangu. Akapima upana wa mstari, akapima sarafu, akapima tena.

"Inauma?" akaniuliza.

Bi Phan hakusubiri nijibu. "Mwambie alete mkono wake. Mabega yake yamekakamaa kama mlango, huyu naye ana upepo wa siku nyingi."

Nikatafsiri nusu tu. Lakini daktari akakunja mkono wa shati akanyoosha mkono. Akakwanguliwa, Bong! Daktari wa serikali! Alikunja uso mwanzoni, halafu akasema, "Ah." Alikuwa mwembamba sana, mkono wote mishipa. Mony akakaa miguuni pake akavuta uzi wa kiatu chake. Tulipoondoka alikuwa bado anauangalia mkono wake.

Sasa ngoja nikwambie la jana.

Aliniuliza Baba angeanguka wapi. Nikakumbuka soksi ulizoniandikia. Jana jua limetoka la kweli, maji yanatiririka kila mahali, nikafungua mlango wa nyuma kwa mara ya kwanza tangu Januari. Theluji iliyosukumwa chini ya ngazi imeisha nusu. Nikaona kitu cha bluu.

Bakuli lake, Bong. Limepasuka vipande viwili. Wali bado umeganda chini yake, na vijiti vya ubani vimelala pembeni. Na kandambili yake, ile iliyokosa kwenda naye, imekwama kati ya ngazi mbili za mwisho, imeelekeza kisigino juu.

Sikugusa. Nilitaka kuikumbatia ile kandambili, lakini sikugusa. Nilimpigia Bwana Doyle, naye akampigia daktari, daktari akaja mwenyewe na kamera, viatu vikiloa matope. Alipiga magoti pale chini akatazama ukingo wa ngazi ya mawe. Halafu akanigeukia akaniuliza, "Alikuwa anawapelekea nani chakula?" Nikamtajia majina. Mama yako, Sophea, Vuthy, na yule mdogo ambaye hakupata jina. Akawa anayarudia kwa sauti ndogo, akiyakosea yote.

Kwa hiyo alianguka, akaamka, akavua soksi akaziweka kwenye bomba, akanyamaza. Alijua akikwambia hutamruhusu tena kwenda ngazini. Alitudanganya ili kesho yake awapelekee wali tena. Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyemuua. Alikuwa anakwenda kuwalisha.

Usitie sahihi, mume wangu.

Chanthou

*

Jela ya kaunti
23 Machi 1986

Oun wangu,

Sikutia sahihi. Barua yako ilifika siku moja kabla. Nilisoma sentensi ya kwanza, halafu kwa heshima yako nikasoma nyingine zote bila kuruka.

Siku ya ishirini, wakati karatasi ziko mezani na kalamu iko mezani, Bwana Doyle akasimama akaomba daktari asikilizwe. Kuna mkalimani safari hii, mzee wa nchi yetu, wa Battambang, ana meno ya dhahabu, kwa hiyo nimeelewa kila neno. Mwendesha mashtaka akamuuliza daktari, mbona Januari uliandika amepigwa? Akajibu, "Nilikosea." Nikamwambia mkalimani arudie, nikidhani ni yeye amekosea. Akarudia. Sijawahi kumsikia mtu wa serikali yoyote, kule wala huku, akisema neno hilo akiwa amesimama.

Halafu hakimu akaniuliza mimi, kwa nini ulisema umefanya? Nikaona sasa nitasema nini mbele ya watu wote hawa. Nikasema, "Kwa sababu mtoto wetu ananyonya." Mkalimani alitafsiri akiangalia chini.

Wanasema karatasi za kunitoa zitachukua siku kadhaa. Usipike kitu kikubwa. Pika mchuzi mchachu wa samaki, na wali, maji kidogo.

Nilikuwa nafikiria soksi zile. Nilimpigia kelele mtu aliyekuwa anakufa, Oun. Aliniangalia akanitabasamia. Nadhani alikuwa ananionea huruma.

Borith

*

Wexley
14 Aprili 1986, sikukuu ya mwaka wetu mpya

Baba,

Hii nakuandikia wewe. Nitaichoma pamoja na ubani ikufikie huko uliko, na usiseme mwandiko wangu mbaya, nimejitahidi.

Borith yuko nyumbani. Siku aliyofika Mony alimkimbia, akajificha nyuma ya miguu yangu, akamchungulia mpaka jioni. Sasa hataki kushuka mapajani mwake. Neno lake la kwanza lilikuwa jina la baba yake, kama nilivyoahidi. La pili lilikuwa "Phan", na Bi Phan amelitangaza mtaa mzima.

Bakuli lako Borith ameliunga kwa gundi ya kiwandani, ile ya soli, haitaachia tena. Nguzo ya ngazini tumeiacha. Amekutengenezea rafu ndani, dirishani jikoni, jua linapoingia, na asubuhi ya leo amewapa wali wa kwanza mwenyewe, wewe na mama na Sophea na Vuthy na mdogo. Njooni mle ndani. Ndani hakuna barafu. Kandambili yako bado wanayo mahakamani, wakiirudisha nitaichoma upesi usiendelee kuchechemea.

Daktari alikuja na keki. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa mkekani kwa tabu. Alituambia amewaandikia wenzake wa miji mingine waitambue mistari yetu wakiiona, waulize kwanza. Kisha kwa haya akamwonyesha Bi Phan bega lake la kushoto amkwangue. Tuliwafungia chumbani wakacheka huko kama wasichana.

Baba, nina jambo moja tu la kukwambia kweli. Tangu ulipotuacha sikumkwangua mtu. Mony alipata homa mwezi uliopita nikampa vidonge, nikamkanda kwa kitambaa, sarafu nikaiacha shingoni mwake. Vidole vyangu vilikataa. Daktari alinieleza, karatasi zimeandikwa, hakimu amesema, na vidole vikaendelea kukataa.

Jana Borith alirudi kutoka kazini akitetemeka, kichwa kinamgonga, mabega mazito. Alivua shati akakaa chini kunipa mgongo, jinsi ulivyokuwa unakaa wewe, palepale. Mony alinipa sarafu, nayo ina mate yake. Nikapaka mafuta. Nikaweka sarafu chini ya shingo yake, nikaivuta polepole, nikasimama. Nikaangalia kama kuna kitu nimeharibu. Nikaivuta tena, pole kuliko mwanzo.

Mwanao akageuza kichwa kidogo. Barua yangu kwa daktari hajawahi kuisoma, Baba, na mimi maneno yako sikumwambia. Akasema, "Kaza mkono, mke wangu. Unanipapasa kama unampaka mtoto mafuta."

Basi nikakaza.

Binti yako,
Chanthou